Matanga Tumemaliza Jumamosi

Jamhuri, Nairobi
18 Januari 2024

Sasa Baba Kanini,

Jacklyne wa ofisi ya boti ameniambia nahodha amefungia simu zenu zote kwa sanduku mpaka mbio ziishe, na mwenye anataka mtu wake aandike. Basi naandika. Mara ya mwisho niliandika barua nilikuwa darasa la nane, ya kuomba mwalimu mkuu ruhusa, na nilipata kumi na mbili kwa ishirini. Ukiona makosa cheka pole pole, wenzako wasisikie.

Huyo Jacklyne ni mtu mzuri lakini ana mdomo. Aliniambia, "Leta barua hapa Kitisuru, napiga picha, natuma kwa kompyuta ya boti, wakifika bandari anasoma." Nikamuuliza, "Na wewe utasoma?" Akasema, "Mama, niko na wake wa mabaharia tisa. Nitasoma ya nani niache ya nani?" Kwa hivyo kuna vitu sitaandika. Wewe vijue tu.

Kanini ameanza kusimama. Anashika kiti, anatetemeka miguu, halafu anaangalia mlango. Sisemi anakungoja wewe, labda anaangalia tu mwangaza. Lakini anaangalia mlango.

Vitambaa vya boti yetu, ile ndogo ya Naivasha, nimevipeleka River Road, kwa kazi. Niliomba Shem, mkubwa wetu wa kushona hema, nitumie ile mashine kubwa ya hema saa ya chakula, wengine wakienda kula. Alikunjua kitambaa kile kikubwa mpaka kikafika kwa ngazi, akaanza: "Mama Kanini! Miaka ishirini nashona hema ya harusi na hema ya matanga. Leo umeniletea shuka ya upepo?" Sasa wote hapo wananiita Mama Upepo. Lakini mashine amenipa, na sindano nene pia.

Musili alikuja Jumapili baada ya kanisa. Ndugu yako ni ndugu yako. Alisema boti ni mchezo wa matajiri wa Kitisuru, sisi wa Masii tulikuwa tunatafuta maji ya kunywa, wewe unatafuta ya kuchezea. Alisema wakikupa ile kandarasi ya miaka miwili huko Durban utie sahihi mbio mbio kabla hawajaamka. Mimi nilimwongezea chai.

Lakini wewe uliniahidi, Muindi. Ulisema siku nikimaliza kushona vitambaa vya boti yetu utashuka kwa hiyo boti kubwa, uje tuanze yetu Naivasha, ufundishe watoto wa wageni, na mimi niwe na mashine yangu hapo kando. Nashona nikifikiria hiyo tu. Chumba ni kimoja lakini tangu uende kimekuwa kikubwa sana. Nikiongea naskia sauti yangu ikinirudia.

Wako,
Nzisa


Bandarini Victoria, Shelisheli
2 Februari 2024

Mpenzi Nzisa,

Barua yako nimeisoma mara nne, na hakuna aliyenisikia nikicheka. Mwalimu wako alikuonea. Ningekupa kumi na tisa, moja nikaiacha ili usivimbe kichwa.

Tumefika wa tatu kati ya boti kumi na mbili. Siku tano usiku na mchana, saa nne kazini, saa nne kitandani, na kitanda chenyewe ni cha mtu mwingine aliyetoka tu, bado kina joto lake. Sisi ni watu kumi kwenye boti na hakuna anayeniita jina langu. Nahodha ananiita "fundi", kwa sababu mimi ndiye ninayeshona vitu vikipasuka. Nikiulizwa nilijifunza wapi, nasema nyumbani, kwa mke wangu, akinikemea.

Nimepata rafiki mmoja, anaitwa Shee, mtu wa Lamu. Huyu hakubali kabisa niseme "vitambaa vya boti". Siku ya kwanza alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi akipanda ngazi. "Bwana, mpishi huita sukuma wiki majani yale? Hilo ni tanga. Sema, tanga." Basi mke wangu, unashona tanga kubwa na tanga dogo. Ametufundisha pia kwamba boti ikitaka kwenda kule upepo unakotoka, haiwezi kwenda moja kwa moja. Inakwenda kombo, upande huu, halafu inageuka upande ule, mpaka inafika. Hiyo huitwa kubisha. Juzi tulibisha siku nzima.

Ahadi yangu ipo. Nitakuambia wazi ili usibaki ukikisia: nahodha ameanza kunizungumzia ile miaka miwili. Anataka jibu Durban, mwanzo wa Aprili. Nimemwambia nangoja neno kutoka nyumbani. Nzisa, siku utakayoniandikia kwamba umemaliza, siku hiyo namwambia hapana na nashuka. Usipomaliza kufikia hapo, itanibidi nitie sahihi, maana hatuwezi kurudi Naivasha na boti isiyo na tanga tukakaa tukiitazama.

Mwaitu yuko vipi? Mwambie mama mwanawe hajazama. Mwambie pia kwamba nakula.

Mumeo,
Muindi


Jamhuri
15 Februari 2024

Baba Kanini,

Mnabisha siku nzima na nani? Mimi nilidhani mmegombana, nikasikitika mpaka nikarudia ile mistari ya juu. Watu wa pwani wana maneno. Hapa kubisha ni kugonga mlango ama kukataa kitu, na wewe hujawahi kunibishia hata siku moja, labda ungejaribu.

Basi habari ya tanga mbili ni hii. Tanga kubwa imefika nusu. Ule mshono wa katikati ulikuwa umeoza wote, nikaufumua. Shem alinionyesha kushona zigizaga kama ya hema, mara mbili, ili upepo ukivuta isifunguke. Tanga ndogo bado sijagusa. Nashona saa moja kwa siku, na saa ingine Kanini analia nasimama. Nikishona yeye hukaa kwa ile kona yenye imerundikana chini, anajifunika, anajifunua. Shem anasema huyo tayari ni baharia.

Najua ni mwanzo wa Aprili. Nimeandika kwa ukuta na penseli.

Mwaitu alikuja kukaa na sisi wiki mbili, ana kifua. Anakohoa asubuhi. Alilala upande wako wa kitanda na nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu kulikuwa na mtu. Alinishikia tanga nikishona kwa mkono jioni. Aliuliza, "Hii ndiyo inamvuta mtoto wangu?" Nikasema ndiyo. Akaipapasa sana, akasema, "Ni nyepesi." Sasa amerudi Masii kwa sababu ya ng'ombe wake, hakuna mtu angemzuia.

Andika hata kama hakuna maneno. Tuma hata ukurasa wenye umeandikwa jina langu tu.

Nzisa


Bandarini Port Louis, Morisi
4 Machi 2024

Nzisa,

Nzisa, Nzisa, Nzisa. Umeomba, umepata.

Tumefika wa pili! Tanga la mbele lilipasuka siku ya tatu, upepo mkali, nikalishona nikiwa nimefungwa kamba kiunoni, maji yananipiga mgongoni. Nahodha alisema mbele ya wote kwamba bila fundi tungerudi nyuma mpaka wa tisa. Nilitamani uwepo uone. Halafu walienda kusherehekea mjini, mimi nikabaki na boti kwa sababu ilikuwa zamu yangu ya kulinda, na nikakaa peke yangu na ushindi wangu. Ushindi usio na mtu wa kumwonyesha ni kama chakula kisicho na chumvi. Unashiba, lakini hujui umekula nini.

Hiyo miaka miwili sasa ananisukuma kabisa. Amenionyesha karatasi. Nzisa, sitakuficha, kazi yenyewe naipenda. Lakini juzi nilijaribu kukumbuka uso wa Kanini na nikapata uso wa mtoto mdogo kuliko alivyo sasa. Nilishtuka. Huyo niliyemkumbuka hayupo tena, amekua.

Tunaondoka keshokutwa kwenda Durban, kwa njia ndefu ya kuzunguka kusini. Karibu majuma manne nitakuwa siwezi kusoma wala kuandika. Ukiwa na neno, liwe pale likiningoja.

Kifua cha Mwaitu kimepoa? Musili ampeleke kwa daktari, asimsikilize akikataa.

Muindi


[Ujumbe wa simu]
16 Machi 2024

Mama Kanini. Mwaitu ametuacha leo alfajiri. Mazishi ni Jumamosi ijayo, njoo mapema usaidie wanawake. Usimwandikie Muindi. Hii si maneno yangu, ni ya mama mwenyewe. Alisema mtoto wake asirudishwe kutoka majini kwa sababu yake. Acha amalize mbio, atie sahihi, tutamwambia baadaye kama wanaume. Ukimwambia sasa utakuwa umemvunja yeye, na kazi yake pia. Nimesema.
Musili


Jamhuri
25 Machi 2024

Baba Kanini,

Hii barua ni fupi kwa sababu mikono bado inaniuma na macho pia. Musili hataki nikuandikie hii kitu. Anasema itakuvuruga akili na utaacha kazi. Mimi nimeshindwa kunyamaza. Wewe ndiye mwenyewe.

Matanga tumemaliza Jumamosi.

Kila kitu ilifanywa vile ungetaka. Shem alitoa turubai mpya, nyeupe, na akakataa kabisa tumlipe. Watu walikuja wakaona, wakasema imefanywa na heshima. Nilikuwa hapo mpaka mwisho na Kanini mgongoni. Nililia, sitakudanganya. Nililia kwa sababu pale nilishika ni wewe ulikuwa unatakiwa ushike.

Sasa imeisha. Usimwambie Musili nimekuambia. Siwezi kuandika zaidi, nikiandika yote kalamu itakataa. Rudi ukiweza. Usipoweza nitaelewa, lakini rudi.

Wako,
Nzisa


Bandarini Durban, Afrika Kusini
3 Aprili 2024

Mpenzi wangu Nzisa,

Tumetia nanga jana na barua yako ilikuwa inaningoja. Nimefurahi sijui niseme nini! Matanga yamekwisha! Tangu Januari nimekuwa nikihesabu siku na kuomba yaishe kabla sijafika hapa, na niliogopa sana kwamba yangenikuta bado. Niliposoma ule mstari wako nilipiga kelele, wenzangu wote wakatoka. Tulipika wali, tukala, tukaimba, mimi nikacheza mpaka nahodha akauliza kama nimelewa. Sikulewa. Ni raha tu. Najua ulilia, lakini sasa hayo yote yamepita, futa machozi. Hakuna kitu kingine kinachonizuia. Leo asubuhi nimekwenda kwa nahodha nikamwambia, "Sitii sahihi. Narudi nyumbani."

Alinung'unika lakini akanipa mkono. Jumatatu nashuka. Atamchukua fundi mwingine, Mreno, yuko hapa bandarini akingoja nafasi. Boti itaondoka Ijumaa ile inayofuata, tarehe kumi na mbili, bila mimi.

Shee ndiye amecheka kuliko wote. Barua ile ya Februari uliandika "tanga mbili", na yeye akashika kichwa. Jana alipoona umeandika "matanga" kama inavyotakiwa, akasema, "Bwana, mkeo ameshakuwa mtu wa pwani. Rudi kabla hajakupita." Mshike Shem mkono kwa turubai lake. Sikujua kama hema na tanga vinaweza kusaidiana, lakini fundi ni yeye. Na Musili mwache anune, atazoea.

Mwambie Mwaitu asichinje jogoo wa kunipokea kabla sijafika. Nataka yeye awe wa kwanza kuyaona matanga yakitwekwa juu Naivasha. Tutamweka kwenye kiti ufukweni, tumfunike miguu.

Nakuja, Nzisa. Nakuja.

Muindi


Jamhuri
11 Aprili 2024

Muindi,

Barua yako nimepata jana. Jacklyne alikuwa ameenda kwao kwa Pasaka akakaa. Alitoa karatasi mbili kwa printa akanipa nikiwa kwa geti.

Ukurasa wa kwanza nilisoma nimesimama hapo hapo. Nilisoma kwamba umefurahi matanga yamekwisha. Kwamba ulikuwa unaomba yaishe kabla hujafika. Kwamba ulicheza. Kwamba hayo yamepita, nifute machozi. Muindi, nilisema huyu si mtu aliyenioa. Nilianza kutembea kuelekea Westlands na sikuwa naona barabara. Nilisema moyoni, akija na asije kwangu. Nitachukua mtoto niende kwetu. Mtu wa kucheza siku kama hiyo, atanicheza mimi siku gani?

Halafu karatasi ya pili. Nilikuwa nataka kuitupa kwa mtaro. Nikaona jina la Shem, nikasoma. Nikafika kwa jogoo.

Nilikaa chini kwa ukingo wa barabara, hapo kwa maua ya watu. Askari wa nyumba moja alitoka akasema, "Mama, hapa hatukai." Akaniona uso, akasema, "Kaa tu."

Sasa nakuandikia ile kitu nilipaswa kuandika mara ya kwanza, na naandika kila neno lote ili lisikose njia.

Mwaitu amekufa. Mama yako amekufa tarehe kumi na sita Machi, alfajiri, Masii, kwa kifua. Tumemzika Jumamosi tarehe ishirini na tatu. Hayo ndiyo matanga nilisema. Turubai ya Shem ilikuwa ya kufunika watu jua. Pale nilishika, nikisema wewe ndiye ulitakiwa ushike, ilikuwa udongo. Nilirusha yako baada ya yangu.

Musili alinikataza, na alisema ni Mwaitu mwenyewe alisema usirudishwe. Nilikuwa katikati. Neno la kufa halikutoka kwa mkono wangu. Nikadhani nikisema matanga utajua tu, nani mwingine angekuwa na matanga yenye mimi nakuandikia wewe? Kwangu hilo neno halina maana ingine. Hizo za boti niliziita tanga mbili, si ndivyo ulinifundisha? Tanga. Hukuniambia zikiwa nyingi zinageuka.

Na kuna ingine, na hii ndiyo mbaya kwa sababu inanihusu mimi. Tanga hazijaisha. Kubwa imepita nusu kidogo tu, imekwama hapo. Ndogo sijagusa. Tangu mazishi sijaweza kuzishika kwa sababu mtu wa mwisho kunishikia alikuwa yeye.

Nilifikiria nisikuambie. Nakuambia hata hiyo. Jana usingizi ulipotea nikawaza: Muindi ameacha kazi, anarudi, si ndiyo kitu umelilia tangu Januari, Nzisa? Nyamaza tu. Atajua akifika. Lakini utakuwa umerudi kwa sababu ya kitu hakiko. Sitaki uje nyumbani kwa makosa. Nataka uje ukijua.

Leo asubuhi na mapema Jacklyne amesema hayuko mpaka kesho. Kesho napeleka hii nikikimbia. Simu yako nimepiga, bado imefungwa. Boti bado iko hapo mpaka kesho, umeandika. Kama unaweza kumwambia nahodha umebadilisha mawazo, mwambie. Mimi na Kanini tutakungoja hiyo miaka. Nimeandika hiyo na mkono wangu na haikukataa.

Pole, Muindi. Pole baba yangu. Sikuwa hapo wa kukushika.

Nzisa


Durban
13 Aprili 2024

Nzisa,

Boti iliondoka jana saa nne asubuhi. Barua yako iliifikia saa saba, wakiwa tayari baharini lakini bado karibu na mtandao wa pwani. Shee aliisoma, akaituma kwenye simu yangu, akaandika chini yake maneno mawili tu: "Nisamehe, ndugu." Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe la bandari nikila mkate. Nilikuwa bado napunga mkono moyoni.

Simu yangu nilirudishiwa jana tu, boti ikiondoka. Nimeshika nambari yako mara nyingi, kidole kinakataa. Kwa maandishi angalau husikii sauti ya mtu ikivunjika. Sasa nimeizima.

Nitasema jambo moja la uchungu, halafu nitanyamaza. Kama ungeandika "Mwaitu amekufa", nahodha angenipa ruhusa. Ningekuja kumlilia kaburini, nikarudi Durban, nikapanda. Wangenishikia nafasi, walishamfanyia hivyo mwingine. Sasa sikumzika, na boti imekwenda, na hata yale uliyosema yamekwisha hayajaisha. Nimekosa kila upande. Na nilicheza, Nzisa. Mama yangu ana siku kumi mchangani, mimi nacheza, watu wananipigia makofi.

Halafu najiuliza, mimi ni mtoto wa Masii. Hilo neno nililijua kwa hema na vilio kabla sijaijua bahari. Miezi mitatu tu na mtu wa Lamu, na nimelisahau kana kwamba sijawahi kukaa matanga ya mtu. Wewe uliandika Kiswahili cha nyumbani. Ni mimi niliyesoma kama mgeni.

Sijui ni nani wa kulaumiwa. Nikimtafuta nampata Musili, halafu nakupata wewe, halafu najipata mimi, halafu nampata Mwaitu mwenyewe, na hapo nashindwa.

Tiketi ninayo. Sijui nitakuja siku gani. Usiningojee mlangoni.

Muindi


[Imeachwa kwa Shem, River Road]
26 Aprili 2024

Nzisa,

Usishtuke kuona mwandiko wangu mkononi mwa Shem. Nimempa nikamwomba asiseme kitu kwanza.

Niko Nairobi siku tatu sasa. Niko kwenye lojingi hii iliyo mkabala na karakana yenu, ghorofa ya tatu, juu ya duka la misumari. Dirisha langu linatazama mlango wenu. Nilishuka kutoka uwanja wa ndege nikisema naenda Jamhuri moja kwa moja. Nikafika hapa, nikakuona kupitia mlangoni, umeinama kwenye mashine, Kanini ameshika mguu wa meza. Nikapanda ngazi nikalipia chumba. Sijui kwa nini. Mvua ilikuwa inanyesha na nilisema nangoja ipungue. Imepungua mara nyingi.

Nimekutazama siku tatu. Nimeona unashona kitu cheupe saa ya chakula, wengine wakienda kula. Nimeona unazungumza na watu, unacheka na Shem kidogo, halafu wakienda mdomo wako unarudi chini. Jana Kanini aliachilia meza akatembea hatua mbili, akakaa. Ulikuwa umegeuka, unatafuta uzi. Wewe hukuona. Nimeona mimi, nikiwa peke yangu ghorofani, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Ndiyo maana naandika.

Hasira ipo, Nzisa, sitakudanganya. Imepungua, lakini ipo. Niliogopa nikiingia hapo nayo, maneno ya kwanza kutoka kinywani yangekuwa ya kukulaumu, na hayo huwezi kuyarudisha. Kwa hivyo leo mchana naenda Masii. Nataka kukaa na Mwaitu kwanza, peke yangu, nilie kilio changu kilichochelewa. Nikishalia labda nitakuwa mtu wa kuingia nyumbani. Nipe mpaka Jumapili ya wiki ijayo. Ama mpaka mwisho wa mwezi ujao. Sijui.

Kanini hatanijua. Hilo naliogopa kuliko yote.

Muindi


[Nyuma ya karatasi hiyo hiyo, imepelekwa na Shem]

Muindi,

Siku tatu! Na mimi niliosha shuka zako kila Jumapili.

Sikiza. Masii huendi peke yako. Kaburi halina hata alama vizuri, utasimama mahali si pake. Mimi ndiye najua ni wapi, nilikuwa hapo, nitakuonyesha na kidole. Na kama kuna kitu unataka kunilaumu, nilaumu njiani, ni mwendo mrefu, utakuwa umemaliza tukifika. Nitakaa kimya nisikie yote. Nimekaa kimya tangu Januari, nimezoea.

Kanini hatakujua, ni kweli. Atalia. Hata mimi alinililia siku nilinyoa nywele. Utamshika tu akilia, ndivyo wanafanywa.

Nimefunga mashine. Nimemwambia Shem leo sirudi. Tuko hapa chini kwa ngazi, mimi na mtoto, na huyu mama wa lojingi anatuangalia vibaya.

Shuka.

Nzisa